Soli za Goti: Ulipie Ipi, Uache Ipi

Wanaokimbia na vikundi vya jogingi Temeke wanayajua maumivu haya: unayaonyesha kwa kidole kimoja, chini kidogo ya pia ya goti, na yanachoma ukishuka ngazi au ukiruka. Mara nyingi ni kano inayoshika pia na mfupa wa ugoko. Ukilalamika tu, utaambiwa ununue soli ya kutia ndani ya kiatu.

Za bei ya chini ni zile za sponji za Kariakoo. Zinalainisha kiatu, basi. Soli ikikunjika mkononi kama chapati, haitashikilia unyayo. Juu yake kuna zilizo tayari zenye kigongo kigumu, kwenye maduka ya vifaa tiba. Ghali kabisa ni za kupimwa: mtaalamu anachukua umbo la mguu kwa plasta, anatengeneza, unarudi kujaribu, pengine unarudi tena kurekebishiwa. Hospitali ya CCBRT Msasani na taasisi ya mifupa ya MOI Upanga zina karakana za viungo saidizi, na chuo cha TATCOT cha Moshi kinafundisha mafundi wa kazi hiyo tangu 1981. Anayetoka Mbagala ajumlishe nauli na vibarua atakavyokosa, na kama ana bima aulize mapema inalipa nini.

Mimi nisingeanza na za kupimwa. Ushahidi wa soli kwa kano ya goti ni haba. Wenye nguvu kidogo unahusu maumivu ya kuzunguka pia, tena kwa wiki za mwanzo. Mazoezi ndiyo yaliyopimwa vizuri. Utafiti wa Denmark wa 2009 ulilinganisha wiki 12 za kuchuchumaa taratibu kwa uzito na sindano za steroidi: sindano zilituliza mapema, lakini baada ya nusu mwaka waliochomwa walikuwa wamerudi nyuma. Mazoezi hayo mtaalamu wa fiziotherapia akishakuelekeza, unaendelea nayo nyumbani na begi lenye mchele mgongoni.

Bado unataka soli? Nenda dukani na kiatu chako. Simama kwa mguu mmoja kwenye kidato, jishushe taratibu mpaka panapouma. Tia soli, rudia. Ukishuka zaidi bila maumivu, lipa. Hali ikiwa ileile, mrudishie muuzaji. Na kama ni raba ya mtumba, ng'oa kwanza soli iliyomo: mara nyingi ina shimo la kisigino cha mwenyewe wa kwanza, na ukipachika mpya juu yake mguu unakaa upande.

Mwenye kisukari, au mguu uliopinda tangu utotoni, asihangaike na maduka. Huyo aende karakana moja kwa moja.