Konsento Si Idhini: Maneno ya Kiingereza Ndani ya Kijapani

Lugha inapokopa neno, aghalabu haikopi maana zake zote. Neno huingia kupitia mlango mmoja, uwe wa michezo, biashara au tiba, na hubaki na ile maana lililoingia nayo. Kisha wenyeji hulilea wapendavyo. Wasemaji wa Kiswahili nchini Kenya wanalifahamu jambo hili vyema: mtu akisema anaenda hotelini kula chapati kwa maharagwe, hakuna anayedhani kwamba atalala huko. Hata hivyo, ni lugha chache zilizolitenda jambo hili kwa wingi na kwa ujasiri kama Kijapani.

Wajapani huyaita maneno ya mkopo gairaigo, na mengi huandikwa kwa hati maalumu iitwayo katakana. Baadhi ya yale ya kale yaliletwa na Wareno, waliofika huko mwaka 1543. Pan, yaani mkate, ni mojawapo. (Wareno hao hao ndio waliokiachia Kiswahili meza na leso.) Kiingereza kiliingia kwa kishindo baada ya enzi ya Meiji kuanza mwaka 1868, na tena baada ya Vita Vikuu vya Pili. Wakati wa vita vyenyewe kilihesabiwa kuwa lugha ya adui, hata mwaka 1943 waamuzi wa besiboli wakatakiwa kusema yoshi, yaani vyema, badala ya sutoraiku.

Sutoraiku hilo ni neno strike la Kiingereza. Kijapani, sawa na Kiswahili, kina irabu tano na hupendelea silabi wazi, hivyo konsonanti zilizosongamana hutenganishwa kwa irabu. La kuvutia ni kwamba neno hilo liliingia mara mbili. Sutoraiku ni la uwanja wa besiboli. Sutoraiki ni mgomo wa wafanyakazi. Irabu moja ya mwisho ndiyo inayotenga uwanja na kiwanda.

Upande wa maana, mambo ni mengi zaidi. Mishin, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mashine yoyote, ni cherehani peke yake. Handoru si mpini bali ni usukani wa gari. Anayeitwa sumaato hasifiwi kwa werevu wala unadhifu; anaambiwa kwamba ni mwembamba. Manshon, ambalo Kiingereza hulitumia kwa jumba la tajiri, ni makao ya kawaida ndani ya jengo la ghorofa la saruji, na ni rahisi kuona kwa nini wauza nyumba walilipenda. Kanningu, lililotokana na neno la ujanja, ni udanganyifu katika mtihani. Mwanafunzi wa Kenya asicheke haraka, kwani yeye naye huita karatasi ya kunakilia mwakenya, jina la kundi la siri la kisiasa la miaka ya 1980.

Neno lenye kisa cha pekee ni baikingu, yaani Viking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia. Nchini Japani ni mlo ambao mteja hujipakulia atakacho kwa bei moja. Hoteli ya Imperial jijini Tokyo ilianzisha mlo huo mwaka 1958 kwa kuiga meza za Skandinavia, na inasimuliwa kwamba jina lilitokana na filamu ya mabaharia hao iliyokuwa ikionyeshwa wakati huo.

Yapo pia maneno ambayo Mwingereza hakuwahi kuyaunda, yaitwayo wasei eigo, yaani Kiingereza kilichotengenezwa Japani. Naitaa ni mchuano wa besiboli wa usiku. Kiswahili kina ndugu yake: kipilefti, yaani mzunguko wa barabarani, limetokana na amri ya kukaa kushoto. Wanaoyaita maneno haya makosa wanapotoka. Ni makosa pale tu msemaji anapoyarudisha kwenye Kiingereza akidhani yataeleweka.

Tatizo halisi liko nyumbani kwenyewe, na neno konsento linalifichua. Kwa Mjapani wa kawaida, konsento ni tundu la umeme ukutani. Kisha utabibu ukaleta infoomudo konsento, yaani idhini ambayo mgonjwa hutoa baada ya kuelezwa ugonjwa na tiba yake. Mzee anayesikia maneno hayo akiwa kitandani anatambua nusu moja tu, nayo ni ile ya umeme. Bima ya matunzo ya wazee ilipoanza mwaka 2000, huduma zake nazo zilibeba majina kama dei saabisu, ilhali saabisu dukani ni nyongeza ya bure. Waliokusudiwa kuhudumiwa ndio walioelewa kidogo zaidi.

Kwa sababu hiyo, Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kijapani iliunda kamati mwaka 2002 kupendekeza maneno mbadala. Kwa infoomudo konsento ilipendekeza nattoku shinryoo, yaani tiba ambayo mgonjwa ameielewa na kuiridhia. Manung'uniko hayakukoma. Mwaka 2013 mtazamaji mmoja alilishtaki shirika la utangazaji la NHK akidai kwamba wingi wa maneno ya kigeni ulimsumbua moyoni. Mahakama ya Nagoya iliitupa kesi hiyo mwaka 2014.

Kiswahili nacho kimo katika msafara huu. Kilichukua safari kutoka Kiarabu kwa maana ya mwendo wowote. Waingereza wakalichukua kwa ajili ya kuwinda na kutazama wanyama. Wajapani wakalipata kwa Waingereza. Chini ya Mlima Fuji ipo bustani iliyofunguliwa mwaka 1980, na humo safari ni kukaa ndani ya gari na kuwatazama simba dirishani.