Mwanafunzi wa fildi halmashauri: ana nafasi gani kwenye mipango ya wilaya?

Kuanzia Julai, ofisi za halmashauri za Tarime na Serengeti hupokea sura mpya: wanafunzi wa vyuo waliokuja kwa mafunzo kwa vitendo, au fildi kama wengi tunavyoiita. Hapa Sirari wazazi hutuuliza: mtoto akipangiwa idara ya mipango, naye anapanga mambo ya wilaya, au anatumwa fotokopi tu?

Jibu linaanzia kwenye kalenda.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Bajeti yake huandaliwa miezi mingi kabla. Vipaumbele huibuliwa kijijini, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, hufanyiwa kazi na idara ya mipango, kisha hujadiliwa na Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango na kupitishwa na Baraza la Madiwani. Baada ya hapo huenda mkoani, TAMISEMI na mwisho bungeni. Mwanafunzi anayefika Julai anakuta ugali umeshapakuliwa.

Hata hivyo, miezi hiyo ndiyo ya kukusanya taarifa za bajeti inayofuata, na hapo mwanafunzi anaweza kuwa na faida kubwa.

Chukua mfano wa maboma ya madarasa. Wananchi wamechanga, wamesomba mawe na mchanga, kuta zimefika kwenye linta, kazi ikasimama wakisubiri bati. Afisa mipango mmoja hawezi kuzunguka kila kijiji kwa wiki moja. Mwanafunzi mwenye daftari anaweza kwenda na mtendaji wa kijiji, akahesabu maboma, akaandika kila moja limefikia wapi na limepungukiwa nini. Boma lisiloandikwa ni vigumu kupata bati.

Pia kuna mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inataka ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Mwanafunzi anaweza kusaidia kuandika muhtasari. Hapa kwetu anayejua Kikurya ana nafasi ya pekee: bibi akieleza shida ya maji kwa lugha yake, maneno yake yanaingia kwenye karatasi kama alivyoyasema.

Ukienda upande wa Nyamongo, jambo hili lina uzito zaidi. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, kampuni yenye leseni ya uchimbaji huandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kijiji chenye mahitaji yaliyoandikwa vizuri kina cha kuweka mezani.

Mipaka nayo ijulikane. Mwanafunzi hapigi kura, hasaini nyaraka kwa niaba ya ofisi, wala hatoi nje siri anazozikuta kwenye mafaili. Uamuzi ni wa madiwani mliowachagua.

Kwa wanaotaka nafasi, andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri mapema, uambatanishe barua ya utambulisho ya chuo na utaje idara unayoomba. Ukishapokelewa, usingoje kutumwa. Mwombe msimamizi wako akupeleke kijijini angalau mara moja, na kabla ya kuondoka mwachie nakala ya taarifa uliyoandika. Ikibaki chuoni peke yake, itakupa alama wewe, lakini kijiji hakitapata kitu.

Nanyi wananchi, akija kijana na daftari lake, msimwone mtoto. Mwonyesheni boma, mwambieni limesimama tangu lini, na mhakikishe ameandika.