Neva, Homoni na Vumbi la Kobalti: Uratibu wa Mwili Katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Mwili wa binadamu huratibiwa na mifumo miwili inayohakikisha kwamba viungo vyake vinafanya kazi kwa kupatana: mfumo wa neva, wenye ubongo, uti wa mgongo na nyuzi za neva zinazosambaa hadi kwenye ngozi, na mfumo wa homoni, wenye tezi zinazomimina kemikali zake moja kwa moja kwenye damu. Huko Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, elimu ya mifumo hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa vumbi la madini yanayochimbwa huko lina metali zinazoweza kuidhuru yote miwili.

Neva hupeleka ujumbe kwa njia ya umeme, na katika nyuzi zilizozungukwa na mielini, yaani utando wa mafuta unaoharakisha umeme huo, mwendo unaweza kufikia mita 100 kwa sekunde. Ujumbe unapofika mwisho wa uzi hukuta mwanya mwembamba uitwao sinapsi, ambapo kalsiamu huingia ndani ya neva na kusababisha kemikali maalumu kumwagwa ili kuivushia habari seli inayofuata. Homoni, kwa upande wake, huzunguka mwilini kote pamoja na damu, lakini hutiiwa tu na seli zenye vipokezi vyake. Adrenalini hutoweka katika damu baada ya dakika chache, ilhali thairoksini, homoni ya tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, huchukua takriban wiki moja kupungua kwa nusu.

Ushirikiano wa mifumo hii huonekana wazi kwa mchimbaji mdogo aliye shimoni wakati ukuta wa udongo unapoanza kumeguka. Sikio na jicho hupeleka habari kwenye ubongo, na kabla mchimbaji hajamaliza kutafakari, neva zimekwisha kuziamuru tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, kumwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, ini huachilia sukari na misuli hupata nguvu ya kukimbia. Wakati huohuo haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo iliyo upande wake wa chini, ambayo ni neva kwa maumbile lakini pia hutoa homoni, huiagiza tezi ya pituitari kuzichochea adrenali zitoe kotisoli, inayodumisha ugavi wa sukari kwa muda mrefu zaidi. Kotisoli ikitosha, yenyewe huipa haipothalamasi ishara ya kupunguza amri. Utaratibu huo huitwa mrejesho, na ndio msingi wa uratibu wa homoni nyingi.

Figo nazo hushiriki katika kazi hii. Oksijeni inapopungua katika damu, hutoa homoni ya erithropoetini, inayouamuru uboho ndani ya mifupa kutengeneza chembe nyekundu zaidi za kubebea oksijeni. Kobalti huuvuruga utaratibu huu kwa namna ya ajabu: huzuia vimeng'enya ambavyo seli huvitumia kutambua kiasi cha oksijeni, hata mwili ukaamini kwamba hewa imepungua ilhali inatosha, nao ukazidisha erithropoetini bila sababu. Kwa sababu hiyo madaktari wa katikati ya karne ya 20 waliitumia kloridi ya kobalti kutibu upungufu wa damu, lakini katika miaka ya 1950 ilibainika kwamba baadhi ya watoto waliopewa dawa hiyo walipata rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Kobalti ilikuwa imeizuia thairoidi kutumia iodini. Thairoksini ilipopungua, pituitari iliendelea kuichochea tezi bila kukoma, nayo ikavimba.

Baadaye, watu waliowekewa nyonga bandia zenye kobalti, zikachakaa na kuimwaga katika damu, walionyesha madhara katika mifumo yote miwili: baadhi yao walipungukiwa na uwezo wa kusikia na kuona, wakafa ganzi miguuni, na thairoidi zao zikadhoofika. Ni kweli kwamba kobalti kidogo sana ni kiini cha vitamini B12, inayolinda mielini, lakini mwili wa binadamu hauwezi kuigeuza kobalti ya vumbi kuwa vitamini hiyo. Huipata tayari katika nyama, samaki, mayai na maziwa.

Kolwezi, mwaka 2014, madini ya kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na wakazi wakachimba mashimo hadi ndani ya viwanja vyao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, wakiwamo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walichapisha mwaka 2018 matokeo yaliyoonyesha kwamba mkojo wa wakazi wa Kasulo, hasa watoto, ulikuwa na kobalti nyingi kuliko ule wa wakazi wa mtaa wa karibu usio na machimbo. Utafiti wao wa mwaka 2009 katika jimbo la zamani la Katanga ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba risasi na urani pia zimo katika miili ya wakazi. Risasi hujifanya kalsiamu kwenye sinapsi na kuvuruga mawasiliano ya neva, na mtoto huifyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, katika umri ambao ubongo wake ungali ukijengwa.

Kwa hiyo, magunia ya madini hayapaswi kulazwa katika vyumba wanamolala watoto, wala mawe kuoshwa katika mito ya kuchotea maji, na mchimbaji anapaswa kuoga na kubadili nguo kabla ya kumbeba mwanawe. Chumvi yenye iodini na chakula chenye madini ya chuma huusaidia mwili, lakini havitoshi mahali penye vumbi lisilokoma. Serikali, kampuni na vyama vya ushirika vya wachimbaji vinawajibika kutenganisha machimbo na makazi, kwa maana ubongo wa mtoto ulioharibiwa na risasi haurejei ulivyokuwa.