Siku ya GMAT: pasipoti kwanza, hesabu baadaye

Wadau, hapa mjini tumezungukwa na vyuo. Magogoni kwenyewe kuna Chuo cha Utumishi wa Umma, Shaaban Robert pale ipo IFM, na Bibi Titi kuna CBE iliyoanza tangu 1965. Kote huko unaingia kwa matokeo ya form four, form six au diploma, hakuna mtihani wa mlangoni. Ndio maana kijana wa Bongo akiomba MBA majuu, iwe London Business School, INSEAD au Harvard, anashtuka kuambiwa alete alama za GMAT (au GRE, hao wote wanapokea yoyote kati ya hizo). Digrii anayo, kichwa anacho, halafu anakwama kwa vitu vidogo vya siku yenyewe.

Kubwa kuliko yote ni jina. Sisi majina matatu, cheti cha shule kina mawili, na Mohamed wa cheti ni Mohammed wa pasipoti. Kituoni jina ulilojisajilia na lililo kwenye kitambulisho lazima yafanane. Kwa hiyo jisajili huku pasipoti iko mezani, nakili herufi kwa herufi, na uangalie haijaisha muda. Msimamizi hana ruhusa ya kukuonea huruma. Ukirudishwa, ada imekwenda, na ada yenyewe ni dola mia mbili na ushee. Mtu kachangiwa na ukoo mzima hiyo!

Halafu saa. Barua pepe ikisema 09:00 maana yake saa 3 asubuhi, sio saa 9 mchana. Usicheke, hesabu yetu ya saa na yao ni tofauti na ukiwa na presha unachanganya kirahisi. Fika nusu saa kabla. Wa Kigamboni, pantoni mnaijua wenyewe: vukeni alfajiri, au zungukeni Daraja la Nyerere.

Ukifika, simu, saa ya mkononi, pochi na makaratasi vyote vinafungiwa kabatini. Unapigwa picha, unasaini, viganja vinaskaniwa. Karatasi ya kukokotolea hupewi, unapewa vibao vya plastiki na kalamu ya kufutika. Kama umezoea daftari la mistari, fanyia mazoezi hicho kitu nyumbani, maana mkono unakuwa mzito. Kwenye hesabu hakuna kalkuleta kabisa. Ipo kwenye sehemu ya takwimu tu, tena ya kwenye skrini.

Sasa mtihani. Hapa wengi wanaibiwa na vitabu vya mitumba vya kando ya barabara. Toleo la zamani lilifungwa 31 Januari 2024. Insha imeondolewa, maswali ya kusahihisha sentensi yameondolewa, hata jometri imeondolewa kwenye hesabu. Ukiona kitabu kinaongelea alama 800, kiache hapo hapo. Siku hizi alama zinaanzia 205 hadi 805 na zote zinaishia na 5.

Sehemu ni tatu, kila moja dakika 45: hesabu maswali 21, kusoma na kupima hoja 23, takwimu na majedwali 20. Jumla saa 2 na robo, na mapumziko ya dakika 10 mara moja ukitaka. Mpangilio wa sehemu unachagua mwenyewe. Piga hesabu uone: ni kama dakika mbili kwa swali. Kompyuta inakupangia maswali kufuatana na unavyojibu, ukipatia inakaza. Kwa hiyo ukiona magumu mfululizo usikate tamaa, huenda ndio unakwenda vizuri. Kitu cha kuogopa ni kuacha maswali ya mwisho bila kujibiwa, adhabu yake ni kali. Swali likikugomea dakika tatu, bahatisha, weka alama, songa mbele. Muda ukibaki mwishoni mwa sehemu unaruhusiwa kurudi na kubadilisha majibu matatu, basi.

Kuna wanaosema heri kufanyia mtandaoni, sio kituoni. Inawezekana, ila sio kwenye kafe! Unatakiwa uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, kamera inakuangalia muda wote. Akipita mtu nyuma yako kuulizia vocha umekwisha. Na Tanesco wakikata katikati? Mimi kwa maoni yangu kituo ni salama zaidi kwa mazingira yetu.

Ukimaliza kituoni, alama za awali zinatokea hapo hapo kwenye skrini. Zikiwa mbaya sio mwisho wa dunia, unaruhusiwa kurudia baada ya siku 16, mpaka mara 5 ndani ya miezi 12, kwa ada mpya kila mara. Zikiwa nzuri, zinadumu miaka 5.

Waliofanya karibuni mtupie yenu hapo chini, hasa ya jina la pasipoti.