Je, Wajua? Kazi Iliyokufuata Hadi Kitandani

Je, wajua kwamba kamera inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya mtandao haikufungwa ili kumnasa mwizi wala kumchunga mfanyakazi mvivu? Ilichunga mtungi wa kahawa. Mwaka 1991, katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, watafiti walikuwa wametawanyika ghorofa kadhaa na mtungi wa kahawa ulikuwa mmoja tu, karibu na chumba walichokiita Trojan Room. Mtu alishuka ngazi na kikombe mkononi, akakuta wenzake wameshaumaliza. Wakafunga kamera ielekee kwenye mtungi, na kila mmoja akawa anaangalia kwenye kompyuta yake, katika kijipicha cha kijivu, kama kuna kitu au hakuna. Novemba 1993 picha hiyo ikawekwa kwenye wavuti, watu wa mabara mengine wakaanza kuchungulia kahawa wasiyoweza kuinywa. Kamera ilizimwa Agosti 2001. Mtungi wenyewe uliuzwa mnadani kwa pauni 3,350.

Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, walikuwa wameunganisha mashine ya Coca-Cola na kompyuta ili wajue, kabla ya kuinuka kitini, kama soda zipo na kama zimepoa. Ndivyo vifaa janja vilivyoanza: kumpunguzia mtu hatua mahali pa kazi. Kuhamia nyumbani kulikuja baadaye, na havikuja mikono mitupu.

Je, wajua kazi ilihama kwa mlango gani? BlackBerry ya kwanza ilitoka mwaka 1999, ikitengenezwa na kampuni ya Research In Motion ya mji wa Waterloo, Kanada. Hadi wakati huo, wafanyakazi wengi walisoma barua pepe ya ofisi wakiwa mbele ya kompyuta; ukishafunga mlango wa ofisi, barua ilikusubiri hadi kesho. BlackBerry iliiondoa ile subira: barua ilijileta yenyewe mfukoni na kutikisika. Makampuni yaliigawa kwa wakubwa kwanza, ikawa alama ya cheo. Wadogo wakaitamani. Sijui kama kuna minyororo mingine ambayo watu wameigombania kiasi kile.

Je, wajua kwamba tiki mbili za bluu za WhatsApp zilianza Novemba 2014? Na je, wajua kwamba unaweza kuzizima katika mazungumzo ya watu wawili, lakini kwenye grupu haziwezi kuzimika? Hapa ndipo penye utamu wa mambo, kwa sababu ofisi zetu nyingi leo zinaendeshwa kwenye grupu. Jumapili jioni, ubwabwa uko mezani, ujumbe unaingia: "Habari za jioni ndugu wafanyakazi, naomba taarifa ya wiki iwe mezani kwangu kesho saa mbili." Ndani ya dakika tano zimeshuka "Imepokelewa" mfululizo, moja baada ya nyingine, na kila "Imepokelewa" inamsukuma aliyekuwa amenyamaza. Aliyetuma akibonyeza ujumbe wake na kufungua maelezo, anaona nani ameusoma na saa ngapi. Ukiusoma ukakaa kimya, umeonekana. Usipousoma, nalo ni jibu. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeagizwa kufanya kazi usiku huo. Lakini mezani pale hakuna anayekula kwa utulivu tena, na mwenye nyumba anajibu maswali ya watoto kwa "eeh, eeh".

Je, wajua kwamba anayekatizwa kazi hachelewi kila mara? Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, pamoja na wenzake, walilipima jambo hilo katika utafiti uliotoka mwaka 2008. Waliokatizwa katikati ya kazi waliimaliza haraka zaidi kuliko wasiokatizwa. Walifidia kwa kukimbia. Bei yake ilionekana kwingine: msongo ulipanda, hasira za haraka na kuhisi kuelemewa vikaongezeka. Bosi akiangalia kazi iliyokamilika, haioni bei hiyo. Inaonekana jioni, nyumbani, na wanaoilipa ni wengine kabisa.

Je, wajua kwamba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kuwa vifo 745,000 vya mwaka 2016, vya kiharusi na ugonjwa wa moyo, vilitokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki? Anayefikisha saa hizo ana hatari ya kiharusi kubwa kwa asilimia 35 hivi kuliko anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Hesabu yako ya wiki usiianzie kwenye daftari la mahudhurio. Hesabu na zile za kitandani.

Je, wajua kwamba kampuni ya magari ilishawahi kuizima barua pepe yenyewe? Mwaka 2011, Volkswagen ya Ujerumani ilikubaliana na baraza lake la wafanyakazi kwamba kompyuta zake ziache kupeleka barua pepe kwenye BlackBerry za wafanyakazi nusu saa baada ya zamu kwisha, hadi nusu saa kabla ya zamu nyingine kuanza. Wakubwa wa juu hawakuguswa na mpango huo. Wao waliendelea kutikisika. Mwaka 2014 Daimler ikaenda mbali zaidi: mfanyakazi akiwa likizo aliweza kuchagua barua zote zinazomjia zifutwe. Aliyetuma alijulishwa kwamba barua yake imefutwa, akapewa jina la mtu mwingine wa kumwandikia. Mtu alirudi kutoka likizo akakuta sanduku ni jeupe. Mimi naupenda mpango wa pili, kwa sababu wa kwanza unaahirisha mzigo tu: asubuhi unamwagika wote kwa pamoja.

Je, wajua kwamba Ufaransa haikupiga marufuku barua pepe baada ya saa kumi na mbili jioni, ingawa habari hiyo ilizunguka dunia nzima? Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2017 haitaji saa yoyote. Inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea zikae mezani na wafanyakazi, wapatane juu ya haki ya kutopatikana hewani. Msingi ulikuwa umeshawekwa mahakamani: mwaka 2004 mahakama ya juu ya nchi hiyo iliamua kwamba dereva wa gari la wagonjwa aliyefukuzwa kwa kutopokea simu yake binafsi, nje ya saa za kazi, hakuwa na kosa. Na mwaka 2018 kampuni ya Rentokil Initial iliamriwa kumlipa aliyekuwa mfanyakazi wake zaidi ya euro 60,000, kwa kuwa alitakiwa kuacha simu wazi muda wote. Kusubiri kuitwa nako ni kazi, hata kama simu haikulia.

Australia, tangu tarehe 26 Agosti 2024, bosi anaruhusiwa kupiga. Mfanyakazi ndiye mwenye haki ya kutopokea, isipokuwa kama kukataa kwake hakuna sababu ya maana.

Je, wajua nani analipa bando? Ureno, sheria iliyopitishwa mwaka 2021 inamtaka mwajiri abebe gharama za ziada za anayefanyia kazi nyumbani, umeme na intaneti vikiwemo, na kumzuia asimsumbue mfanyakazi katika muda wa mapumziko, ila kwa dharura kubwa. Kwetu Tanzania, taarifa ya ofisi inaandikwa kwenye simu ya mfanyakazi, inatumwa kwa bando la mfanyakazi, na simu ikiharibika anaulizwa mbona hapatikani.

Je, wajua kwamba Kenya nayo imelijadili jambo hili? Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka mswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira ili mfanyakazi asilazimike kujibu simu, ujumbe au barua pepe baada ya kazi. Mwajiri atakayekiuka, mswada ulipendekeza, atozwe hadi shilingi 500,000 au afungwe hadi mwaka mmoja. Shirikisho la Waajiri Kenya liliupinga. Ungetegemea nini?

Je, wajua kwamba watoto walivamia ofisi ya nyumbani miaka mitatu kabla ya korona? Machi 2017, Robert Kelly, mhadhiri anayeishi Busan, Korea Kusini, alikuwa akihojiwa mubashara na BBC akiwa chumbani kwake. Binti yake akaingia kwa madaha, mdogo wake akafuata akiwa kwenye kigari cha kujifunzia kutembea, kisha mama akaingia kwa kasi ya mtu anayeteleza na kuwakokota wote nje. Dunia ilicheka. Korona ilipofika, ikawa ndiyo mikutano yetu sote.

Je, wajua kwamba hata mazoezi ya jioni yanaweza kumwaga siri za kazini? Novemba 2017 programu ya Strava ilichapisha ramani ya njia walizokimbia watumiaji wake duniani. Januari 2018 ikagundulika kwamba katika sehemu za jangwa zenye giza totoro kulikuwa na vijiduara vinavyong'aa: wanajeshi wa kigeni walikuwa wakikimbia na saa janja mkononi, wakizunguka kambi zao.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki ina kifaa chake kilichounganishwa, na wala si friji inayoongea? Ni sola ya kulipia kidogo kidogo. M-KOPA, iliyoanzia Kenya, ilianza kwa kuweka laini ya simu ndani ya mtambo wa sola. Mteja hulipa kwa siku kupitia M-Pesa, na asipolipa mtambo unazimwa kutoka mbali. Wataalamu wakizungumzia mizani ya kazi na nyumba wanamfikiria mtu wa barua pepe. Mfikirie na mama anayeuza mboga. Siku asipouza, giza linafika sebuleni siku hiyohiyo. Hapohapo, bila kifaa hicho angekuwa na koroboi na moshi wake, kwa hiyo sitamwambia akirudishe. Ila tusiseme kwamba yeye kazi yake huiacha sokoni.

LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, ni upande wa pili wa sarafu. Umeme ukiisha nyumbani, aliye ofisini ananunua kwa simu na kutuma tarakimu 20, mtoto anazibonyeza, taa zinawaka. Zamani ungeomba ruhusa uende kupanga foleni. Kazi imeingia nyumbani, na nyumba nayo imeingia kazini; waajiri hulalamikia hilo la pili tu.

Je, wajua kwamba kifaa cha kumfuatilia mfanyakazi kinaweza pia kumlinda apumzike? Mabasi ya mikoani Tanzania yana VTS, mfumo wa kufuatilia magari unaosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Basi likipita kilomita 80 kwa saa, mfumo unaona. Kikaongezwa kitufe cha kumtambua dereva: anayeshika usukani anakigusisha, na mfumo unajua ni nani anaendesha na ameendesha kwa muda gani. Kama dereva wa pili wa safari ndefu yuko kwenye karatasi tu, inakuwa vigumu kuficha. Teknolojia ni ileile inayomhesabia mpakizi wa ghala dakika za kwenda msalani. Tofauti imetoka kwa aliyeandika kanuni, na alichotaka kuhesabu.

Je, wajua, basi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania inakupa nini? Ilitungwa mwaka 2004, miaka mitano kabla WhatsApp haijazaliwa, na haisemi neno juu ya simu. Lakini imeweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kifungu cha 24 kinampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, pamoja na saa 24 kila wiki. Wasimamizi wanaoripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo katika vifungu hivyo, na wao ndio mara nyingi huanzisha mazungumzo ya usiku.

Sasa piga hesabu. Umemaliza kurekebisha taarifa uliyoagizwa kwenye grupu saa nne na nusu usiku. Saa moja na nusu asubuhi unasaini daftari. Hapo katikati ni saa tisa. Tatu zimekwenda wapi, na nani amezilipa? Mkataba wa hali bora wa kazini kwenu ukirudi mezani, mwulizeni kiongozi wa tawi la chama chenu kama kuna kipengele cha simu. Kama hakipo, kiandikeni nyinyi, na saa mtaje.