Je, Wajua? Kutoka Bonge la Udongo hadi Kilo 30 za Dhahabu

Tetemeko lililoipiga Nepal tarehe 25 Aprili 2015 liliua watu karibu 9,000 na kuangusha mahekalu mengi katika bonde la Kathmandu. Stupa kuu ya Boudhanath, mojawapo ya zilizo kubwa zaidi Asia ya Kusini, haikuanguka. Hata hivyo, mnara wake wa dhahabu unaokaa juu ya kuba ulipata nyufa mbaya, na mafundi wakaamua kuushusha wote na kuujenga upya. Je, wajua kazi hiyo ilikwisha lini? Novemba 2016, miezi 18 na ushei baada ya tetemeko, wakati familia nyingi za Nepal zilikuwa bado zinalala chini ya mabati na maturubai. Ilitumika dhahabu zaidi ya kilo 30, gharama ikafika dola milioni 2.1 hivi, na fedha hizo zilichangwa na vikundi vya Wabudha na watu binafsi, huku wengine wakijitolea nguvu zao. Serikali haikutoa fedha. Sisi tuliozoea kuona jengo la harambee likikwama kwenye lenta miaka kumi tuna sababu ya kuuliza wenzetu waliwezaje.

Kwanza tujue kinachojengwa. Stupa haina ukumbi wa kuswalia wala, mara nyingi, mlango wa kuingilia. Ni kilima cha matofali au mawe kilichojazwa tumbo zima, na ndani yake huhifadhiwa masalia ya Buddha au ya watawa wake, maandiko matakatifu, vito, pengine hata nafaka. Ibada yake ni kuizunguka, mkono wa kulia ukiwa upande wa stupa. Msomaji aliyewahi kuhiji ataona mara moja kwamba huo ni mzunguko wa kinyume cha tawafu ya Makka.

Simulizi za Kibudha zinasema Buddha alipofariki na mwili wake kuchomwa moto huko Kushinagar, masalia yaligawanywa mafungu manane ili wafalme na koo zilizoyagombea zisipigane. Kila fungu likajengewa stupa. Karne ya 3 KK, mfalme Ashoka wa India anasemekana kuzifungua saba kati ya hizo na kuyasambaza masalia katika stupa 84,000. Idadi hiyo ni ya kimapokeo, na hakuna aliyezihesabu.

Rudi kidogo Boudhanath. Je, wajua kwamba kuba lile jeupe hupakwa upya mara kwa mara kwa michango ya waumini? Mtu hulipia chokaa na maji ya zafarani, kisha vijana hupanda juu na ndoo. Chokaa humwagwa hadi kuba lote ling'ae. Baada ya hapo kijana husimama ukingoni, huishika ndoo ya maji ya njano kwa mikono miwili na kuirusha kwa mkupuo mmoja wa nusu duara, hata maji yakitua yanaacha mchoro wa petali la yungiyungi. Hakuna brashi wala kamba ya kupimia. Akikosea, kosa hilo litaonekana na kila mpita njia mpaka siku ya kupaka tena.

Ngano ya kuanzishwa kwa stupa hiyo nayo ina ladha yake. Inasemekana mwanamke maskini, mfuga kuku, alimwomba mfalme kiwanja kisichozidi ngozi moja ya nyati. Mfalme akacheka, akakubali. Mama yule akaichana ngozi kuwa mikanda myembamba, akaiunga, akazungushia eneo kubwa. Matajiri wakalalamika kwamba fukara hawezi kuachiwa kujenga kitu kikubwa kuliko chao, lakini mfalme akashikilia kuwa ruhusa ikishatolewa haifutwi. Mama alifariki kabla ya kazi kwisha, na wanawe wakaimalizia.

Msomaji wa pwani bila shaka amekwisha kukumbuka Kilwa. Katika habari za kale za mji huo, Ali bin Hassan wa Shirazi alikipata kisiwa kwa kumpa mtawala wa hapo vitambaa vya kutosha kukizunguka. Kule Tunisia, Malkia Dido anasimuliwa kuupata uwanja wa Carthage kwa ngozi ya ng'ombe iliyochanwa vivyo hivyo. Inaelekea wenye ardhi wa zamani walikuwa wepesi sana wa kusaini mikataba bila kuuliza vipimo.

Sasa twende Anuradhapura, Sri Lanka, kwa sababu huko ndiko yalikoandikwa mambo ya ujenzi wa stupa kwa kina nisichokiona penginepo. Mahavamsa, kitabu cha historia kilichotungwa na watawa yapata karne ya 5 BK, kinasimulia jinsi mfalme Dutugemunu alivyojenga Ruwanwelisaya katika karne ya 2 KK. Mfalme alikuwa ametoka vitani na watu wake walikuwa hoi. Hofu yake ilikuwa kwamba akiwatoza kodi ya matofali atawaumiza, na stupa iliyojengwa kwa dhuluma haina thawabu. Akaamuru kwamba hakuna atakayefanya kazi bure. Kwenye milango minne ya eneo la ujenzi ziliwekwa fedha, nguo, vyakula na hata maua, kila mfanyakazi achukue anachotaka.

Msingi ulichimbwa, ukajazwa mawe yaliyopondwa kwa nyundo, kisha wakaletwa tembo kuyashindilia, miguu yao ikiwa imefungwa ngozi. Mafundi waashi wakasailiwa mmoja mmoja. Aliyepata kazi aliulizwa stupa yake itakuwa na umbo gani. Akaomba bakuli la dhahabu lenye maji, akateka maji kiganjani, akayaachia yaanguke, na povu moja kubwa likainuka juu ya maji. Akasema: kama hivi. Povu lilipasuka, lakini kazi aliipata, pamoja na nguo za thamani na viatu vya mapambo. Sijapata kusoma usaili wa zabuni uliokwenda haraka kiasi hicho.

Je, wajua kwamba agizo la mfalme la kumlipa kila mtu liliwakera watawa? Wao walitaka kutoa bila kulipwa ili thawabu iwe yao. Mmoja alitengeneza bonge la udongo, akalipenyeza kwa mjenzi kwa siri. Mfalme akapata habari. Akaagiza vyungu vya maua ya asumini viwekwe uani karibu na mti mtakatifu, na mtawa yule apewe kwa ajili ya ibada. Alipokuwa akiyatoa sadaka kwa furaha, akaambiwa kwamba hayo ndiyo malipo ya udongo wake. Mwingine aliingiza tofali la vipimo sawasawa na mengine. Naye alifuatiliwa mpaka kwake, akapewa nguo na viatu, kisha akaarifiwa kwamba wamelipana. Nimesoma habari nyingi za watu kukwepa kulipa mafundi, lakini za tajiri anayemkimbiza fundi amlipe ni hizi tu.

Dutugemunu hakuiona stupa ikikamilika. Alipokuwa mahututi, ndugu yake Saddhatissa aliwaita washonaji wakaifunika sehemu iliyobaki kwa kitambaa cheupe, wachoraji wakachora ukuta wa ua juu ya nguo, na kilele kikatengenezwa kwa mianzi. Mfalme akabebwa kwenye machela, akazungushwa, akafa akiamini imekwisha.

Karne nyingi baadaye mji ulihamwa na Ruwanwelisaya ikawa kichuguu kikubwa chenye miti juu yake. Aliyeanza kuifufua katika karne ya 19 alikuwa mtawa, na mwaka 1902 kikaundwa chama cha kuikarabati. Kilele kiliwekwa Juni 1940. Leo ina urefu wa mita 103 hivi, na wanaofika mwezi mpevu huja wamevaa nyeupe tupu, maua mkononi. Jirani yake, Jetavanaramaya ya karne ya 3 na ya 4 BK, ilifikia mita 122 ilipokuwa nzima. Wakati huo ni mapiramidi mawili tu ya Giza yaliyoipita kwa kimo, nayo ilikula matofali yanayokadiriwa kuwa zaidi ya milioni 90.

India haina kisa cha tembo wenye viatu, ila ina risiti. Pale Sanchi, ukutani mwa ua na kwenye mawe ya sakafu ya stupa kuu, kuna maandishi mafupi zaidi ya 600 yanayotaja waliotoa mchango: watawa wa kiume na wa kike, wafanyabiashara, wake za watu, wakati mwingine kijiji kizima. Lango la kusini lina maandishi yanayosema kazi ya nakshi ilifanywa na wachonga pembe wa mji wa Vidisha, na ukiisogelea nakshi hiyo unaamini, maana majani na manyoya yamechongwa kwa udogo ambao mchonga mawe wa kawaida asingejisumbua nao.

Risiti hizo zilifanya kazi ambayo waliochanga hawakuiota. Zimeandikwa kwa Brahmi, hati iliyokuwa imesahaulika kabisa, hakuna aliyeweza kuisoma. Mwaka 1837 James Prinsep, Mwingereza aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sarafu huko Calcutta, aliona kwamba mistari mingi ya Sanchi inaishia kwa herufi zilezile. Akakisia kuwa, kwa jengo kama hilo, lazima mwisho unasema "zawadi ya" fulani. Alikuwa sahihi, na kwa ufunguo huo amri za Ashoka zilizochongwa kwenye miamba na nguzo sehemu mbalimbali za India zikaanza kusomeka. Kwa maneno mengine, tunamjua Ashoka leo kwa hisani ya akina mama waliolipia jiwe moja moja.

Na je, wajua nani aliyegharamia kuiokoa Sanchi? Baada ya kugunduliwa upya na Waingereza mwaka 1818, wachimbaji wa kubahatisha waliibomoabomoa kutafuta hazina. Ukarabati wa maana ulifanywa na John Marshall kati ya 1912 na 1919, na msaada mkubwa wa fedha ukatoka kwa Sultan Jahan Begum, mtawala wa Bhopal. Alikuwa mwanamke, Mwislamu, na mwana wa malkia aliyemtangulia. Alilipia pia makumbusho ya hapo. Habari hii ingestahili kusomwa kwa sauti kila panapozuka ubishi kuhusu urithi wa dini ya mwenzako.

Sarnath haikuwa na bahati hiyo. Mwaka 1794 watu wa Jagat Singh, mkubwa mmoja wa Benares, waliibomoa stupa ya Dharmarajika wapate matofali ya kujengea soko. Walikuta kijaluba chenye mifupa. Mifupa ikatupwa mto Ganges.

Huko Thailand kila mwaka mpya wa jadi, mwezi Aprili, watu hubeba mchanga hadi hekaluni na kujenga stupa za mchanga, wakizipamba kwa bendera na maua. Sababu ni hesabu ya uaminifu. Mwaka mzima umetoka na mchanga wa hekalu kwenye nyayo zako, basi uurudishe. Myanmar nako dhahabu ndiyo hurudishwa. Malkia Shin Sawbu wa karne ya 15 alitoa dhahabu yenye uzito sawa na wa mwili wake kuipaka Shwedagon ya Yangon, na hadi leo waumini wa kawaida huchangia karatasi nyembamba za dhahabu.

Kwetu pia Wabudha wapo. Dar es Salaam ina hekalu lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka takriban karne moja iliyopita, na Uganda ina kituo cha Kibudha kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita.

Lakini michango ya watu inaweza pia kuharibu. Bagan, Myanmar, ina mahekalu na stupa zaidi ya 2,200 yaliyojengwa hasa kati ya karne ya 11 na ya 13. Miaka ya 1990 serikali ya kijeshi iliwakaribisha wafadhili wachague gofu na kulijenga upya. Waumini walitoa kwa moyo safi, kwa kuwa kwao stupa iliyokatika kilele ni aibu. Mamia ya magofu yakapata vilele vipya vya matofali ya kisasa na saruji, mengine kwa ramani ya kubuni tu. Wataalamu walipiga kelele, hawakusikilizwa. Tetemeko la Agosti 2016 liliharibu karibu majengo 400, na sehemu nyingi zilizodondoka zilikuwa hizohizo za juzi. Mimi siwalaumu waliochanga. Lawama ni ya ofisi iliyopokea fedha na kuruka hatua ya kumuuliza fundi anayeijua chokaa. Myanmar iliomba Bagan iingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 1995. Ilikubaliwa Julai 2019, miaka 24 baadaye.