Kwenda Mafia kwa Hesabu ya Mwezi na Upepo

Aghlabu ya watu wa bara wanaokusudia kwenda kupumzika kisiwani huanza na kalenda ya ukutani: hutazama likizo ya kazini ni lini, shule zitafungwa lini, kisha hulipia chumba, na habari za bahari huja kuziwaza siku wanapoiona mbele ya macho yao. Afanyaye hivyo aweza kufika Mafia mwezi wa Mei akakuta mvua ya masika haiachi nafasi na baadhi ya nyumba za wageni zimefungwa. Au aweza kushuka pwani ya Utende saa nne ya asubuhi, siku ya mwezi mpevu, amekwisha kujitayarisha kuogelea, akakuta ghuba ya Chole imekauka, maji yamekwenda zake mbali, na mbele yake pamebaki mchanga, tope na wanawake wanaotafuta pweza miambani. Kisiwa hakina kosa. Lililokosekana ni hesabu ya upepo na ya mwezi, ambayo manahodha wa pwani yetu wamekuwa nayo tangu zama za kale, na ambayo msafiri yeyote aweza kujifunza kabla hajatoa hata senti moja.

Mafia iko mbele ya milango ya mto Rufiji, na kwa utawala ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Kisiwa kikubwa kimezungukwa na vidogo, mashuhuri kati yavyo vikiwa Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Mwaka 1995 sehemu ya kusini na mashariki, yenye eneo la kilomita za mraba 822, ilifanywa Hifadhi ya Bahari, ya kwanza katika Tanzania, baada ya miaka mingi ambayo uvuvi wa baruti ulikuwa ukiyavunjavunja matumbawe na kuua samaki wakubwa kwa wadogo. Naitaja Mafia mbele ya visiwa vingine kwa sababu mtu huweza kuzamia katika matumbawe yaliyo hai, akaogelea karibu na samaki mkubwa kuliko wote duniani, na akatembelea magofu ya mji wa kale, yote katika muda wa juma moja na bila ya safari ndefu baina ya mahali na mahali.

Tuanze na pepo. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba, na nguvu zake huzidi baina ya Juni na Agosti; wakati huo bahari ya nje huchafuka, ingawa nyangumi hupita katika miezi hiyo, na katika fukwe za Juani makinda ya kasa huanguliwa. Kaskazi hushika Desemba hadi Machi. Baina ya pepo hizi mbili, hususan Oktoba na Novemba, huja maleleji, upepo mdogo usio na shabaha, bahari ikawa shwari na maji yakawa meupe hata mtu akaona chini bila ya taabu. Kwa anayetaka kuzamia, sijui miezi iliyo bora kuliko hiyo.

Hesabu ya mwezi inataka uangalifu zaidi, nayo ndiyo inayosahauliwa mno. Mwezi unapoandama na unapopevuka, bahari huwa katika bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku ipitayo nyakati hizo husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Ghuba ya Chole hujaa na kupwa kwa kupitia milango michache katika mwamba, mmojawapo ni Kinasi, na wakati wa bamvua mkondo wa mlangoni huwa mkali hata mzamiaji hodari hauwezi. Basi anayejifunza kuzamia na achague maji mafu, na anayependa kutembea juu ya mafungu ya mchanga asubuhi na achague bamvua. Aliye na siku saba na afike tarehe saba au nane ya mwezi wa Kiislamu, azamie kwanza, kisha aikute bamvua mwishoni mwa safari.

Mpango huo una faida nyingine iliyo kubwa. Aliyezamia kwa mtungi wa hewa hapaswi kupanda ndege mpaka zipite saa 18 kwa uchache, na 24 ni salama zaidi, kwa kuwa naitrojeni iliyoingia mwilini kilindini huhitaji muda kutoka polepole, na ndege ikipaa mapema gesi hiyo hufanya mapovu katika damu na viungo. Siku ya mwisho, kwa hivyo, na iwe ya nchi kavu.

Potwe, ambaye baadhi ya watu humwita papa shilingi kwa madoa yake meupe yaliyotawanyika mgongoni, haonekani katika ghuba ya Chole. Hutafutwa upande wa magharibi, mbele ya mji wa Kilindoni, tangu Oktoba hadi Februari au Machi. Chakula chake ni uduvi na viumbe vidogo mno vieleavyo majini, na maji ya Rufiji yenye rutuba ndiyo yanayovistawisha viumbe hivyo kwa wingi upande huo. Zamani ilidhaniwa kwamba msimu ukiisha potwe huhamia mbali, lakini wataalamu waliowafunga vyombo vya kutoa sauti waligundua kwamba wengi hubaki papo hapo Mafia, ila husogea kilindini, mbali na macho ya watu. Nahodha humtafuta kwa kuangalia ndege wanaoshukia uduvi, na pezi lipasualo maji taratibu. Mgeni huvaa miwani na mpira wa kupumulia, huteremka kimya, na ghafla huona chini yake mgongo mpana wenye madoa, kinywa kikiwa wazi kukinga maji, na samaki wadogo wakimfuata ubavuni. Hana madhara kwa mtu. Mtu ndiye awezaye kumdhuru: asiguswe, asikatiwe njia kwa mbele, na chombo kisimkaribie injini ikinguruma. Nahodha anayekubali kuwafukuza samaki ili kuwafurahisha abiria hafai kupewa kazi, na msafiri ana haki ya kumwambia hivyo kwa adabu.

Siku ya nchi kavu msafiri na avuke hadi Chole. Kisiwa hicho kilikuwa makao ya utawala wakati wa Waomani, na baada ya mwaka 1890, Mafia ilipoingia mikononi mwa Wajerumani, hao nao walikaa hapo kabla makao hayajahamishiwa Kilindoni. Mizizi ya miti imezikumbatia kuta zilizobaki, na mitini wananing'inia mchana kutwa popo wakubwa walao matunda, jamaa ya wale wa Ngazija. Maji yakipwa sana watu huvuka kwa miguu hadi Juani, na huko kuna magofu ya Kua, mji wa misikiti, makaburi na jumba la kifalme, ambao ulishambuliwa na Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, mwanzoni mwa karne ya 19, na haukuinuka tena. Mtu asitie kigae chochote mfukoni. Asiende pia bila mwenyeji, maana njia ya kurudi huliwa na maji yanapoanza kujaa, nayo hujaa kwa haraka.

Kufika si kazi ngumu: kuna ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, na kuna kivuko cha Nyamisati hadi Kilindoni kwa asiyeogopa mawimbi. Kiingilio cha Hifadhi hutozwa Utende kwa kila siku, na raia hutozwa kidogo mno kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho kisisahaulike. Fedha taslimu zichukuliwe za kutosha. Wenyeji wengi ni Waislamu, na vazi la kuogelea mahali pake ni pwani na chomboni, si sokoni.

Kabla ya kulipia chumba, muulize mwenye nyumba maswali matatu: mwezi utakuwa tarehe ngapi siku nitakapofika, maji yatajaa saa ngapi, na je, chomboni mna makoti ya kuokolea kwa idadi ya abiria wote, watoto wakiwamo? Akishindwa kujibu hata moja, tafuta nyumba nyingine, Mafia ziko.